Semina ya Sebuleni kwa Mama Paskali

Hivi karibuni vijana wanaosomea shahada za juu za sayansi ya ubongo walinialika kwenye warsha yao mjini Arusha, nikae meza ya mbele pamoja na wastaafu wenzangu, tuwaeleze namna ya kutafuta fursa. Niliwakuta hotelini, kila mmoja na kitambulisho shingoni na mfuko wenye kalamu na chupa ya maji, wakizungumzia semina za Ujerumani na kozi fupi za Afrika Kusini kama sisi tulivyokuwa tukizungumzia lori la sukari. Nilifurahi kuwaona. Wivu sikuwa nao, au tuseme nilikuwa nao kidogo tu, wakati wa chai, kwa sababu ya wingi wa maandazi. Kijana mmoja mpole akaniamkia kwanza, kisha akauliza kwenye kipaza sauti enzi zetu fursa tulizipata wapi. Nikamjibu, "Babati." Ukumbi mzima ukacheka wakidhani mama anatania, na mimi nikacheka nao, kwa kuwa muda wangu ulikuwa umekwisha na mwenyekiti alikuwa ananikazia macho. Lakini sikuwa natania. Jibu lenyewe ni refu, na ndilo hili.

Ilikuwa miaka ya foleni. Anayeikumbuka hahitaji kuelezwa, na asiyeikumbuka hataamini kwamba watu wazima wenye shahada zao waliweza kushinda wakibishana juu ya nani aliona mche wa sabuni mara ya mwisho. Nilikuwa nimeanza shahada ya pili Dar es Salaam, mimi na Kasimu, kijana wa Tabora mwenye maneno mengi, na sote wawili tulitaka kuusomea ubongo. Idara ilikuwa na mashine moja ya kupima umeme wa ubongo. Mashine ilikuwa nzima kabisa, ila karatasi zake maalumu zilikwisha na fedha za kigeni za kuagizia nyingine hazikuwepo, basi ikafunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya mtu aliyestaafu. Mwalimu wetu, Dokta Luhende, mtu mfupi aliyetembea haraka hata alipokuwa hana pa kwenda, alituambia kwamba kama mashine haiwezi kutuonyesha ubongo, tutawafuata watu wenyewe. Daktari mmoja rafiki yake aliyefanya kazi Babati alikuwa amemsimulia juu ya wagonjwa wa kifafa waliofichwa majumbani pande zile. Tukapanda lori lililokuwa linafuata mahindi, na tulipofika tulikuwa na rangi moja na barabara.

Tulipangishiwa vyumba viwili Nangara, hapo hapo Babati, nyumbani kwa Mama Paskali, kimoja changu na kingine cha Dokta na Kasimu. Mama Paskali alikuwa Mmbulu, mwanakwaya wa parokiani, mkulima wa mahindi na mbaazi, na mtu aliyeweza kunyamaza asubuhi nzima bila kuwa amekasirika. Nyumba yake naweza kuichora hata leo. Sebule ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe mgongoni, picha ya Moyo Mtakatifu, na kalenda ya mwaka uliopita iliyoachwa ukutani kwa ajili ya picha yake ya maporomoko ya maji. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa chumba hiki kilisikika chumba kile, na ukitaka kumsema mtu ilibidi utoke nje ukamsemee kwenye mbaazi. Tulikula makande, ugali na mlenda, na siku za neema perege kutoka ziwani. Unga wa mahindi ukiadimika tulikula ule wa njano wa msaada, ambao Kasimu alidai ulisagwa kutokana na hasira za Wazungu. Chai ilinywewa bila sukari na kusindikizwa kwa kiazi kitamu, na kwa kweli mpaka leo nikiwa na njaa ya kweli ni kiazi hicho ninachokiwaza.

Siku ya kwanza niliingia jikoni kumsaidia Mama Paskali kupakua. Nikachukua sahani ya bati ya bluu iliyokuwa imewekwa peke yake juu ya tofali, karibu na dirisha. Akaitoa mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu bila kumtisha. "Hiyo ya Anjelina," akasema. "Chukua nyingine, mwanangu." Anjelina alikuwa binti yake wa kwanza, mdogo kwangu kwa miaka michache, na alikuwa na kifafa tangu shule ya msingi, ambayo hakuimaliza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua alipoangukia motoni, kwa hiyo hakuruhusiwa kupika. Alichambua maharage, alichota maji akisindikizwa, na chakula alikula nje kwenye jiwe lililokuwa kando ya ghala, kwenye sahani yake, wakati mama na wadogo zake wakila pamoja jikoni wamelizunguka sinia. Hakuna aliyemtukana wala kumpiga. Walimpenda, na hilo nililiona mapema. Ila akianguka, walisimama mbali mpaka atulie, kwa kuogopa povu la mdomoni, na mama yake alikuwa anajishika kichwa kwa mikono yote miwili na kusali kwa Kiiraqw, lugha ya Wambulu. Kila mtu pale aliamini kwamba ugonjwa ule unapita kwenye mate na kwenye chakula.

Sasa niwaeleze semina zetu, kwa maana vijana wale wa Arusha wanazo nyingi na nadhani hawazipendi kama sisi tulivyoipenda moja. Ilikuwa kila Ijumaa alasiri, sebuleni. Majarida ya kisayansi yalimfikia Dokta yakiwa yamechelewa na yamechakaa, na karatasi za kunakilia hazikuwepo, basi akaweka utaratibu wake: kila makala ilisomwa na mtu mmoja, mtu huyo aliirudisha, na Ijumaa aliisimulia kwa kichwa, mwanzo mpaka mwisho, wengine wakimbana kwa maswali. Hukuruhusiwa kusema "nadhani waliandika hivyo." Aliyebabaika alianza upya wiki iliyofuata. Kasimu, kwa maneno yake yote, alianza upya mara nyingi kuliko mimi, na kila mara alisingizia unga wa njano. Mafunzo ya vitendo nayo yalitegemea mchinjaji. Akipatikana mbuzi, tulinunua kichwa, Dokta akaupasua ubongo kwenye ubao wa kukatia mboga na kutuonyesha sehemu zake moja moja kwa ncha ya kisu, tukazitaja kwa sauti, kisha kila kitu kikaingia sufuriani. Nimeingia maabara kubwa baada ya hapo, zenye watu wanaovaa viatu maalumu mlangoni. Sikumbuki maabara nyingine iliyoishia kwenye supu.

Ijumaa moja ya namna hiyo, nikiwa nimelala chumbani na kichwa kinaniuma, nilimsikia Mama Paskali akizungumza jikoni na jirani aliyekuja kuomba kaa la moto. Jirani alimwuliza wageni wake wanafanya nini na vichwa vya mbuzi. Mama Paskali akajibu kwamba wanautafuta ugonjwa wa mwanawe. Jirani akacheka kidogo, akasema kama wanaujua hivyo mbona hawali naye. Kisha Mama Paskali akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo moyoni mara nyingi, "Na mimi sili naye, na ni wa kwangu. Nitafanyaje? Ninao wengine." Jirani akasema ndiyo, akaondoka na kaa lake. Mimi nilibaki nikiangalia bati. Nilikuwa nimesoma karibu kila kilichopatikana juu ya kifafa, na hakuna mahali palipokuwa pameandikwa juu ya mama anayechagua kila mchana, mbele ya sufuria, watoto gani awakinge na mtoto gani amweke mbali.

Kazi yetu yenyewe ilikuwa inakwama. Tulifungua kliniki ya kifafa mara moja kwa mwezi kwenye chumba tulichopewa hospitalini, tukiwa na vidonge vya kuzuia degedege alivyopigania Dokta mwenyewe, lakini waliokuja walikuwa wachache, na waliokuja leo hawakurudi mwezi uliofuata. Bila watu wa kuwafuatilia mwaka mzima hatukuwa na tasnifu. Dokta alikwenda Dar es Salaam na kurudi akitembea polepole kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akatuketisha sebuleni, akasema chuo hakiwezi kuendelea kutupa mafuta na posho kwa ajili ya kliniki isiyo na wagonjwa, na kwamba ikiwa mambo hayatabadilika kufikia mavuno, kituo chetu kitafungwa. Kasimu akauliza sisi je. Dokta akasema tutaanza upya na somo jingine. Kwa hali ya chuo ya wakati ule, kuanza upya maana yake ilikuwa kuacha, na sote watatu tulilijua hilo. Mwenzetu mmoja wa idara alikuwa ameshaacha, akawa anauza mitumba, na tulisikia ananenepa. Nilikaa pale nikifikiri juu ya mitumba kwa uzito kabisa.

Ndipo tukaamua kufanya semina kubwa ya siku moja. Tungewaalika wahudumu wa afya wa vijijini, kutoka Sigino, Nakwa na kwingineko, maana wao ndio walioingia kila nyumba, na tungewaalika wagonjwa wenyewe pamoja na ndugu zao, wakae ukumbi mmoja na kusikia mamoja. Wahudumu wakiamini, wangewaleta watu kliniki. Paroko alitupa ukumbi. Wali na kuku vilipatikana kwa njia ambazo sitazieleza hapa, maana baadhi ya waliotusaidia bado wana wajukuu wanaosoma. Na katika kupanga chakula, Kasimu akaja na wazo ambalo sote tulilishangilia. Parokia ilikuwa na sahani nzuri za udongo mweupe, zilizotolewa kabatini askofu anapokuja. Paroko akakubali kutuazima. Wagonjwa wetu, alisema Kasimu, watu waliodharauliwa miaka yote, wakae mezani kwenye kitambaa cheupe na wale kwenye sahani za askofu, na sisi wengine tule kwenye masinia kama kawaida. Dokta alimpiga bega kwa furaha. Mimi nilikipiga pasi kitambaa kile kwa mikono yangu, kwa pasi ya mkaa, nikiwa najiona mtu mwema sana.

Asubuhi ya semina ilikwenda vizuri kupita tulivyotarajia. Chaki hakuna, Dokta akauchora ubongo ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu, akaeleza jinsi umeme mdogo wa ubongo unavyoweza kuchafuka ghafla na kuuangusha mwili, na jinsi povu lilivyo mate tu, halimwambukizi mtu. Mzee Boay, mhudumu wa Sigino aliyeheshimiwa na wenzake, akauliza mbona nyumba nyingine zina wagonjwa wawili. Dokta akamjibu kwa uvumilivu juu ya homa kali za utotoni, uzazi mgumu, na minyoo ya nyama ya nguruwe isiyoiva. Wahudumu wakaitikia kila kitu. Ukiwauliza kama wameelewa, wameelewa. Ukiwauliza kama wana shaka, hawana. Mama Paskali na akina mama wenzake wa kwaya walikuwa jikoni nyuma ya ukumbi wakipika, na harufu ya kuku ilikuwa imeanza kuwashinda hata waliokuwa na maswali.

Chakula kikaja. Wahudumu na ndugu wakakaa kwenye mikeka, wakayazunguka masinia. Wagonjwa tukawapeleka mezani, Anjelina akiwa miongoni mwao, amevaa gauni la Noeli. Kila mmoja akawekewa sahani yake nyeupe, na juu yake wali na paja au kidari. Nikarudi nyuma kidogo ili nifurahi. Hakuna aliyekula. Walikaa na mikono mapajani, wanaangalia kuku, na mwaka ule hakuna mtu aliyeangalia kuku namna ile bila sababu. Dokta akawasogelea, akauliza kama chakula kina kasoro. Mzee mmoja akasema hapana, ni kizuri, wameshiba tu. Dokta akawageukia wengine mmoja mmoja, na kila mmoja akainamisha uso. Anjelina ndiye aliyejibu. Alisema polepole, bila hasira, kwa adabu ile ile aliyokuwa akinisalimia nayo kila asubuhi.

"Dokta, hata nyumbani nina sahani yangu."

Nimesikia maneno mengi ya busara kwenye mikutano, mengine yakitafsiriwa kwenye visikilizio vya masikioni, na hakuna lililonishika shati kama hilo. Tulikuwa tumehubiri asubuhi nzima kwamba ugonjwa hauambukizi, halafu mchana tukawatenga kwa kitambaa cheupe, tukiiita heshima. Dokta hakujitetea. Akasema, "Nimekosea. Naomba tuanze upya." Akaichukua sahani ya Anjelina, akatembea nayo mpaka kwenye mkeka, akaumimina wali wote na kuku kwenye sinia la kina Mzee Boay. Akarudi akachukua ya pili. Kasimu akainuka, na mimi nikamfuata, tukamimina zote. Kisha Dokta akaketi kwenye mkeka, akamwambia Anjelina, "Njoo mwanangu, mimi siwezi kula na hawa peke yangu, watanimalizia." Anjelina akaja, akaketi, akanawa. Mkono wake wenye kovu aliuficha kwenye kanga, na kwa ule wa kulia akamega tonge dogo la wali, pembeni kabisa ya sinia.

Ningependa kuandika kwamba wote walikula. Haikuwa hivyo. Wahudumu wawili walikumbuka kwamba wana shughuli nje, na ndugu mmoja alisema tumbo linamsumbua. Mzee Boay alikaa ameliangalia sinia kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka. Akaomba maji, akanawa upya ingawa alikuwa ameshanawa, na hapo nikajua kwamba asubuhi nzima alipokuwa akiitikia hakuwa ameamini hata neno moja, na kwamba sasa ndiyo alikuwa anaamua. Kisha akatia mkono, akachukua kipande cha kuku kilichokuwa kwenye sahani ya Anjelina, akala. Wenzake wakamtazama, wakatia mikono nao. Mama Paskali alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Aliangalia mwanawe akila na watu. Kisha akageuka akarudi kwenye sufuria zake, na nyumbani jioni ile Anjelina alikula nje, kwenye jiwe lake.

Kliniki ya mwezi uliofuata ilijaa. Mzee Boay alikuja akiongoza watu wa Sigino kwa miguu, wengine ambao hata majirani zao hawakujua kama wapo. Mwezi wa pili walirudi na kuleta wengine. Kituo hakikufungwa. Niliandika tasnifu yangu kutokana na watu wale, Kasimu ya kwake, na kutoka hapo milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine, mpaka nikafika kwenye vyumba ambavyo nilikuwa naviona kwenye majarida yaliyochakaa. Nikiitwa kueleza fursa, watu wanataka niseme juu ya udhamini na wapi pa kuomba, na hayo ni mambo ya kweli, nayasema. Lakini nashukuru, na nashukuru kwa moyo wangu wote, kwamba kabla sijafundishwa na mtu mwingine yeyote nilifundishwa na mwalimu aliyeweza kusema "nimekosea" mbele ya ukumbi uliojaa watu, huku wali ukipoa.

Kuanzia wiki ile, Ijumaa baada ya semina, supu ya kichwa tulikula sebuleni pamoja na Anjelina, kwenye bakuli moja, wote wanne. Mama Paskali alituletea, akaweka mezani, akaondoka. Hakutukataza wala hakuketi. Ila nilimwona anatuchunguza. Asubuhi aliniuliza nimelalaje, na alingoja jibu. Kasimu alipopata mafua alimtazama siku nzima mpaka kijana akaanza kuogopa. Alikuwa anatungojea tuugue, masikini, na wakati huo huo anamwomba Mungu tusiugue, na miezi ikapita, vuli ikaanza, nasi tukawa wazima kama punda. Anjelina naye, kwa vile vidonge, alikuwa anaanguka mara chache mno.

Jumapili moja mimi na wenyeji wangu tulirudi kutoka misani mvua ikiwa inanyesha. Mama Paskali alikuwa amepata perege, na kwa sababu ya mvua sote tukajibana jikoni, mimi na Kasimu karibu na mlango. Akaweka sinia la ugali chini, na samaki katikati, watoto wakalizunguka. Anjelina alibaki amesimama kando ya ukuta, anangoja kupakuliwa chake kama siku zote. Mama yake akamega ugali, akaufinyanga, akauchovya. Kisha, bila kuinua uso, akamwambia mwanawe Paskali amsogelee mwenzake ili dada yao apate nafasi. Paskali akamtazama mama, akasogea. Anjelina akaketi. Mimi niligeuza uso nikaangalia mvua, kwa kuwa nilikuwa nalia na sikutaka wanione, na Kasimu alikuwa ameinamia viatu vyake. Nilipogeuka tena, Anjelina alikuwa bado anakula kwa matonge madogo, pembeni, kama mgeni. Mama yake akatoa mwiba kwenye kipande cha samaki, akamsogezea upande wake.

"Kula upesi," akamwambia. "Hawa watakumalizia mboga."